AFYA YA NYUMBANI: Mafuta ya mti wa chai, yanasaidia nini na yanaunguza lini?

 

Mwezi huu tulikuwa tumepanga kuongea juu ya maji ya kunywa. Tumeyaweka kando kidogo kwa sababu kuna deni ambalo lazima tulilipe kwanza.

Miezi miwili iliyopita, katika ukurasa huu huu, tuliandika mstari mmoja kuhusu mafuta ya mti wa chai. Tulisema yanasaidia chunusi na fangasi. Basi, tukaishia hapo. Hatukuandika yanapimwa namna gani, hatukuandika nani asiyaguse. Mama mmoja akausoma ule mstari. Alikuwa na mtoto wa miaka miwili mwenye vipele kwenye vidole, kiunoni na kichwani, anajikuna usiku kucha. Siku aliyoshuka Kigali kwa shughuli zake, karibu na stendi ya Nyabugogo akaona kachupa kadogo kameandikwa Tea Tree. Akakanunua kwa pesa aliyokuwa ameweka kwa ajili ya unga na maharage. Jioni akamwagia mtoto mkononi na kiunoni, mafuta yenyewe matupu, bila kuchanganya na kitu. Akampakaa, akamfunika blanketi.

Mtoto alilia mpaka asubuhi. Kulipokucha ngozi ilikuwa nyekundu, na sehemu nyingine zimefanya malengelenge kama mtu aliyemwagikiwa chai ya moto. Kwenye kituo cha afya wakamtibu, na kumbe vile vipele vyenyewe ni upele wa kawaida, ule wa kuambukizana, ambao dawa yake ilikuwepo pale pale. Sasa mtoto amepona. Lakini mama huyo alipotujia alituambia maneno ambayo hatutayasahau: "Ninyi mliandika ni dawa. Mimi nikafikiri ukiweka nyingi ndiyo anapona haraka."

Mama, tunakuomba msamaha, na tunakushukuru kwa kuturuhusu kueleza habari hii bila kutaja jina lako. Kosa lilikuwa letu. Sasa tuyaeleze haya mafuta jinsi inavyotakiwa, tangu mwanzo.

YANATOKA WAPI?

Kwanza, jina linadanganya. Wengi wetu tukisikia "mti wa chai" tunafikiria yale mashamba ya Mulindi au Gisakura, yaani majani tunayochemsha asubuhi. Hapana. Chai ya kunywa na mafuta haya hazina undugu. Wale waliosoma Kifaransa wataona kwenye chupa arbre à thé, ni kitu kile kile.

Mti wenyewe unaitwa kitaalamu Melaleuca alternifolia. Asili yake ni Australia, upande wa mashariki. Wenyeji wa kule, watu wa Bundjalung, walikuwa wakitumia majani yake kwa ngozi tangu zamani. Katika miaka ya 1920 mkemia mmoja wa Australia aitwaye Arthur Penfold alichunguza mafuta hayo, akaeleza kwamba yana nguvu ya kuua vijidudu. Toka hapo yakaanza kuuzwa.

Ukitaka kujua ndugu zake, angalia vilima vyetu: inturusu, yaani mikaratusi, ni wa ukoo mmoja na mti huo. Hata mapera na karafuu ni wa ukoo huo huo. Ndiyo maana ukifungua chupa, harufu inapanda puani karibu kama ya majani ya inturusu. Lakini msifanye kosa: ndugu si yule yule. Mafuta ya inturusu hayachukui nafasi ya haya, na wauzaji wengine wasio waaminifu huyachanganya ili kuongeza wingi.

Majani huchemshwa kwa mvuke, mvuke ukipoa mafuta yanajitenga na maji. Majani mengi sana yanatoa mafuta kidogo. Kwa hiyo kile kilichomo kwenye kachupa si kama mafuta ya mawese au ya parachichi. Ni nguvu ya majani mengi iliyokusanywa pamoja. Hapo ndipo watu wengi wanakosea: wanaona neno "mafuta", wanajimwagia kama vazelini.

YANASAIDIA NINI KWELI?

Tusiyatukane pia. Yana kazi, na kazi hiyo imepimwa na waganga.

Chunusi. Mwaka 1990 huko Australia waganga walipima wagonjwa 124 wenye chunusi. Nusu walipewa dawa ya mafuta haya yenye nguvu ya 5 kwa 100, wengine wakapewa benzoili peroksaidi, dawa ya chunusi inayojulikana sana kwenye mafarmasi. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Mafuta ya mti wa chai yalichelewa kuonyesha kazi, lakini yalikausha na kuwasha ngozi kidogo kuliko ile nyingine. Mmesikia: 5 kwa 100. Si chupa nzima.

Mba wa kichwani. Mwaka 2002 watu 126 walijaribiwa. Walioosha nywele kwa shampuu yenye mafuta haya 5 kwa 100, kwa wiki nne, mba wao ulipungua kwa 41 kwa 100. Wale waliotumia shampuu isiyo na mafuta hayo ulipungua kwa 11 tu.

Fangasi za miguu, zile za katikati ya vidole. Mwaka huo huo wa 2002 Australia, waliopakaa mafuta haya yenye nguvu ya 25 au 50 kwa 100 walipona au kupata nafuu karibu 7 kati ya kila 10. Waliopakaa kitu kisicho na dawa walikuwa karibu 4 kati ya 10. Lakini angalieni hapa: watu wanne kati ya waliopakaa mafuta haya ngozi yao iliharibika, ikabidi waache. Na hao walikuwa watu wazima, waganga wakiwaangalia. Kwa hiyo nguvu hiyo kubwa hatuwashauri muichanganye nyumbani. Kwa fangasi za miguu, krimu ya klotrimazoli ndiyo ya kuanza nayo. Kausha vidole vizuri kila ukioga, badilisha soksi, na msipokezane viatu na ndugu zako.

HAYAFAI KWA NINI?

Hapa tunaomba msome taratibu, na asiyejua kusoma asomewe.

1. Upele wa kuambukizana. Ule unaowasha zaidi usiku, unakaa katikati ya vidole, kiunoni, kwapani, na watu wa nyumba moja wanajikuna wote. Dawa yake ni benzili benzoati, permethrini, dawa ya salfa au vidonge vya ivermektini, kadiri muganga atakavyoona. Nyumba nzima inatibiwa siku moja, hata asiyejikuna. Nguo na mashuka vinafuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Kisichofulika kifungwe ndani ya mfuko wa plastiki kikae siku kadhaa. Mkimtibu mtoto mmoja tu, wiki ijayo mnaanza upya.

2. Choa ya kichwani kwa watoto, ile wengine wanaita mashilingi. Nywele zinakatika, kunabaki duara lenye magamba. Mafuta ya juu hayafiki kwenye mizizi ya nywele. Inatakiwa dawa ya kumeza kutoka kwa muganga.

3. Vidonda vilivyo wazi, ngozi iliyoungua, ukurutu unaotoa maji. Ukipakaa hapo ni kuongeza moto juu ya moto.

4. Vipele vinavyokuja pamoja na homa, maumivu ya mwili au kuvimba tezi. Tunakumbuka mwaka 2024 Mpox ilithibitishwa hapa Rwanda, na sisi tuliotoka Kivu tunajua ilivyosumbua ndugu zetu kule. Vipele vya namna hiyo si vya kupakaa mafuta. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

NAMNA YA KUCHANGANYA

Kwa mtu mzima au kijana mwenye chunusi au mba, fanya hivi:

Chukua kijiko kimoja kidogo cha chai, kile cha mililita 5, ujaze mafuta ya kawaida yaliyo safi: ya parachichi, ya nazi au ya alizeti. Dondoshea matone 2 ya mafuta ya mti wa chai. Koroga. Hiyo ni nguvu ya karibu 2 kwa 100, inatosha kuanza. Kama ngozi imekubali kwa wiki moja au mbili, unaweza kupanda mpaka matone 5, ambayo ndiyo karibu 5 kwa 100. Usipite hapo. Ukiona 5 hayasaidii, 10 hayatasaidia, yatakuunguza tu.

Usichanganye na maji. Maji na mafuta havishikani: mafuta yataelea juu, na yatagusa ngozi yako yakiwa matupu kama vile hukuchanganya kitu.

Kabla ya kupakaa usoni, jaribu kwanza. Weka kidogo cha ule mchanganyiko upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko. Ngoja siku moja mpaka mbili. Ikiwasha, ikiwa nyekundu au ikivimba, hayo mafuta si yako. Osha kwa sabuni na maji, mpe pole aliyekuuzia, usijaribu tena. Kuna watu miili yao inayakataa kabisa, na kila wakirudia ndiyo inakuwa mbaya zaidi.

Pakaa pale penye chunusi tu, mara moja kwa siku, halafu mara mbili kama ngozi imezoea. Usipakae karibu na macho, ndani ya pua, masikioni, mdomoni wala sehemu za siri.

NANI ASIYATUMIE?

Watoto wadogo, hasa wachanga na wale ambao hawajaanza shule. Ngozi yao ni nyepesi, na mkono uliopakwa unaenda mdomoni. Mama mjamzito au anayenyonyesha aulize muganga kwanza, na wala asipakae kwenye matiti. Mtu mwenye pumu ajihadhari na harufu yake kali. Mwenye ngozi inayokataa vitu vingi, asianze bila ushauri.

HAYANYWEWI!

Tunaandika kwa herufi kubwa kwa sababu tumesikia watu wanasema tone moja kwenye chai linasafisha tumbo. Hapana! Kuna habari iliyoandikwa na waganga wa Marekani mwaka 1994, ya mtoto wa miezi 23 aliyekunywa chini ya mililita 10, yaani hata vijiko viwili vidogo havikutimia. Baada ya nusu saa alichanganyikiwa, akashindwa kutembea. Alipona, lakini ni kwa sababu alifikishwa hospitali.

Mtoto akinywa: usimtapishe, maana mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mpeleke haraka kituo cha afya, ubebe na chupa yenyewe ili waganga waone ni nini. Hapa Rwanda namba ya ambulansi ni 912, haitozi pesa. Yakiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kwa muganga.

Na jambo jingine ambalo katika nyumba zetu za chumba kimoja ni rahisi kusahau: mafuta haya yanashika moto. Msiyaweke karibu na mbabula wala mshumaa. Yawekwe juu, mahali pa baridi, kifuniko kimefungwa sawasawa. Yakipigwa na jua na hewa kwa muda mrefu yanabadilika, na mafuta ya zamani ndiyo yanayowasha ngozi zaidi. Ukifungua chupa, andika tarehe juu yake. Ikipita miezi sita mpaka kumi na miwili, au harufu ikigeuka, usipakae tena.

UKIENDA KUNUNUA KIGALI

Tulipita wenyewe kwenye maduka na masoko, Kimironko na Nyamirambo, tukaangalia. Haya ndiyo tunayowaambia.

Nunua farmasi ikiwezekana. Chupa iwe ya kioo cheusi au cha kahawia. Iwe na jina Melaleuca alternifolia, jina la kiwanda, na tarehe ya mwisho ya kutumia. Kama ni kachupa ka plastiki keupe, kamebandikwa karatasi iliyochapwa vibaya, kapite tu. Hata kama muuzaji ni mtu wa kwenu na anakuita shangazi.

Hatari kubwa zaidi tuliyoiona haiko kwenye chupa za mafuta peke yake. Iko kwenye krimu na sabuni zilizoandikwa "tea tree" mbele, lakini nyuma, kwa herufi ndogo, kuna vitu vingine. Geuza kopo, usome. Ukiona haidrokinoni, yaani hydroquinone, au zebaki, yaani mercury au mercure, au majina kama clobetasol na betamethasone, rudisha kopo mezani. Hiyo ni mukorogo iliyovaa nguo ya mti wa chai.

Mwezi wa Novemba mwaka 2018 polisi wa Rwanda, pamoja na watu wa afya na wa viwango, walizunguka madukani kuondoa krimu za kujichubua zilizokatazwa. Lakini makatazo hayafuti tamaa. Zebaki inaharibu figo na inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Haidrokinoni ikitumika muda mrefu inaweza kuacha madoa meusi yasiyotoka, hasa usoni. Krimu za clobetasol zinafanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi, na ukiacha ghafla vipele vinarudi vikali kuliko mwanzo. Msichana anaanza kwa kutafuta kuondoa chunusi mbili, anaishia kufunika uso kwa kitambaa. Wazazi, ongeeni na binti zenu, na vijana wa kiume pia, maana siku hizi nao wanajipaka.

MASWALI YENU

Binti mmoja anauliza: "Mimi sina pesa ya mafuta haya. Chunusi zangu nifanye nini?"

Binti yetu, usihuzunike. Nawa uso mara mbili kwa siku kwa maji safi na sabuni isiyo kali. Usizikamue kwa kucha, maana ndiyo zinaacha makovu. Usipake mafuta mazito usoni usiku. Kama zina usaha mwingi na zinauma, nenda kituo cha afya, usione haya. Chunusi ni ugonjwa kama mwingine, si uchafu na si laana.

Papa mmoja wa Kigali anauliza: "Kwenda kwa muganga mjini ni ghali. Si bora tujitibu wenyewe?"

Papa, tunakuelewa. Lakini kumbuka kwamba kuanzia mwaka 2019 wakimbizi wanaoishi mjini walianza kuandikishwa kwenye mituweli. Angalia kama familia yako imo na kama kadi bado inafanya kazi. Ukiwa na kadi, unaanzia kituo cha afya cha karibu, na sehemu kubwa ya gharama inabebwa na mituweli. Yule mama wa mwanzo alitumia pesa ya unga kununua kachupa, na dawa iliyomponya mtoto hakuinunua sokoni. Ghali ni kuumia mara mbili.

Mama mzee anauliza: "Majani ya inturusu tunayochemsha kwa mafua, nayo ni mabaya?"

Bibi, kuchemsha majani ni tofauti na mafuta yaliyokusanywa kwenye chupa, nguvu yake ni ndogo. Lakini hata hivyo mtoto asiinamishwe juu ya sufuria ya moto. Tumeona wengi wameungua na maji yenyewe, siyo majani.

KWA KUMALIZIA

Tukikusanya yote: ni ya ngozi ya nje tu, ya mtu mzima au kijana, kwa chunusi na mba. Matone 2 kwa kijiko, yasizidi 5. Jaribu kwanza mkononi. Mbali na watoto, mbali na moto, mbali na mdomo. Upele, choa ya kichwani na vipele vya homa ni vya muganga.

Tunaomba ukurasa huu ukatwe, ubandikwe ukutani au apewe jirani ambaye hakupata gazeti. Ule mstari wetu mmoja ulitembea mbali kuliko tulivyofikiri, na huu nao utembee. Kama kuna mwingine aliyeumia kwa sababu ya yale tuliyoandika, aje atuambie. Hatutakasirika.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutarudi kwenye maji ya kunywa: namna ya kuyachemsha na kuyatunza kwenye jerikani. Mubaki na amani, na ngozi zenu zipone.